NATO Inanunuaje? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Zabuni, Teknolojia na Huduma

Ukurasa huu umekusanya maswali ambayo wafanyabiashara, wanafunzi wa masomo ya ununuzi na wasomaji wa habari huyarudia kila jina la NATO linapotajwa pamoja na mabilioni ya fedha. Majibu yanaanzia mambo ya msingi na kuishia kwenye mazingira ya pekee. Jambo likishaelezwa mahali pamoja, msomaji ataelekezwa huko kwa namba ya swali.

## Mambo ya msingi

1. Je, NATO hujinunulia silaha zake yenyewe?

Kwa sehemu kubwa, hapana. Jumuiya hii ya kujihami, iliyoasisiwa Washington tarehe 4 Aprili 1949 na yenye wanachama 32 tangu Sweden ijiunge Machi 2024, haina vifaru wala manowari za mali yake. Kifaru kinachoonekana kwenye mazoezi ya NATO nchini Poland ni mali ya nchi fulani, kimenunuliwa kwa sheria za nchi hiyo na kwa bajeti iliyopitishwa na bunge lake.

Kinachobaki kwa jumuiya ni vile vitu ambavyo hakuna nchi yenye sababu ya kuvibeba peke yake: mitandao ya mawasiliano ya siri baina ya makao makuu, baadhi ya rada, mabomba ya mafuta ya ndege, programu za kompyuta za makamanda, pamoja na kundi dogo la ndege. Kwa hiyo kila unaposikia kwamba "NATO imenunua", uliza kwanza ni kwa fedha za nani. Jibu la swali hilo huamua sheria zinazotumika, kampuni zinazoruhusiwa kushindana na mwenye mali baada ya malipo, na ndilo litakalorudi katika karibu kila jibu hapa chini.

2. Wanunuzi wenyewe ni akina nani?

Wakala mbili hubeba sehemu kubwa ya kazi. Ya kwanza ni NCIA, wakala wa mawasiliano na habari, iliyoundwa Julai 2012 kwa kuunganisha taasisi kadhaa za zamani. Makao yake makuu yako Brussels, na ina ofisi kubwa The Hague na Mons. Hii ndiyo inayonunua mitandao, programu, ulinzi wa kimtandao na huduma za setilaiti.

Ya pili ni NSPA, wakala wa ugavi na ununuzi, yenye makao yake Capellen nchini Luxembourg. Mizizi yake ni ya mwaka 1958, ilipoanzishwa taasisi ya kugawana vipuri. Leo inashughulikia risasi, matengenezo ya ndege, mafuta, chakula cha askari, kambi na usafirishaji. NSPA hufanya kazi kwa kanuni ya kutopata faida wala hasara: nchi inayoomba huduma hulipa gharama halisi pamoja na gharama za uendeshaji.

Nje ya hizo mbili zipo taasisi za mradi mmoja, kwa mfano NETMA iliyoko Hallbergmoos, Ujerumani, inayosimamia ndege za Eurofighter na Tornado. Wakati mwingine pia nchi mwanachama huteuliwa kuwa "nchi mwenyeji" wa mradi na kuendesha zabuni kwa niaba ya wote, hasa panapojengwa bandari au uwanja wa ndege katika ardhi yake.

3. Kununua "huduma" kunamaanisha nini katika mambo ya kijeshi?

Kunamaanisha kulipia kazi bila kumiliki chombo. Mfano ulio wazi ni mpango wa SALIS, ambao NSPA husimamia mkataba wake. Tangu 2006 kundi la nchi hulipia mapema saa za kuruka za ndege kubwa za mizigo aina ya An-124 zinazoitikia wito kutoka Leipzig, kwa kuwa hakuna nchi ya Ulaya Magharibi iliyokuwa na ndege ya ukubwa huo. Nchi ikitaka kuhamisha helikopta au mtambo mzito, hukata saa kutoka kwenye akiba yake.

Mpango huo una historia ya kushangaza kidogo. Hadi mwaka 2018 sehemu ya saa hizo ilitolewa na kampuni ya Kirusi, kwa maana hiyo mizigo ya NATO ilibebwa na ndege za Urusi miaka kadhaa baada ya Crimea kutwaliwa. Sasa wanaobaki ni Waukraine wa Antonov, kupitia kampuni iliyosajiliwa Ujerumani. Shika jambo hilo la usajili, tutalihitaji katika swali la 8.

Mfano mwingine ni ndege za kujaza mafuta angani aina ya Airbus A330 zilizo na kituo chao Eindhoven, Uholanzi. Mpango ulianzishwa na Uholanzi na Luxembourg mwaka 2016. Nchi huweka fedha kulingana na saa inazozihitaji kwa mwaka, na hivyo Luxembourg, nchi isiyo na jeshi la anga la kutajika, ina sehemu yake katika ndege hizo.

## Fedha

4. Fedha za pamoja zinatoka mifuko gani?

Ipo mitatu: bajeti ya kiraia, inayoendesha makao makuu ya Brussels, bajeti ya kijeshi, inayoendesha makamandi, na mpango wa uwekezaji wa usalama, unaogharimia ujenzi na mifumo mikubwa. Kwa mwaka 2025 mifuko hiyo kwa pamoja ilikaribia euro bilioni 4.6. Fedha hizo ni nyingi, lakini ni takriban asilimia 0.3 tu ya jumla ya bajeti za ulinzi za nchi wanachama.

Kila nchi huchangia kwa fomula inayofuata ukubwa wa uchumi wake. Zamani Marekani ililipa zaidi ya asilimia 22, lakini baada ya makubaliano ya 2019 mzigo ulisawazishwa, na kwa miaka ya 2024 na 2025 Marekani na Ujerumani zililipa sawa, kila moja takriban asilimia 15.9. Uingereza ilifuata kwa karibu asilimia 11 na Ufaransa kwa asilimia 10 na ushei.

5. Ile asilimia 5 ya pato la taifa iliyokubaliwa The Hague mwaka 2025 inaingia kwenye mifuko hiyo?

Haiingii. Hilo ni lengo la matumizi ya kila nchi ndani ya bajeti yake ifikapo 2035: asilimia 3.5 kwa ulinzi wenyewe na 1.5 kwa mambo yanayohusiana nao, kama vile miundombinu na ulinzi wa kimtandao. Hakuna "deni" ambalo nchi hulipa kwa NATO, ingawa wanasiasa wamezoea kulizungumzia hivyo.

6. Nchi chache zinaweza kununua pamoja bila kuzihusisha nyingine?

Ndiyo, na hapa ndipo penye fedha nyingi kuliko mifuko ya pamoja. Nchi zenye silaha ya aina moja huunda ushirika chini ya NSPA, hujumlisha mahitaji yao na kwenda kwa mtengenezaji kwa sauti moja. Januari 2024 Ujerumani, Uholanzi, Romania na Hispania zilitumia njia hiyo kuagiza makombora ya Patriot yanayofikia 1,000, mkataba wenye thamani ya takriban dola bilioni 5.5. Mwezi huohuo NSPA ilisaini mikataba ya euro bilioni 1.1 kwa ajili ya makombora ya mizinga ya milimita 155 yapatayo 220,000. Vichwa vya habari viliandika kwamba NATO imenunua. Waliolipa ni nchi zilizoagiza.

7. Umoja wa Ulaya nao ununuzi wake ni huuhuu?

Hapana. Umoja wa Ulaya una taasisi zake na sheria zake, na mpango wa mikopo wa SAFE wa euro bilioni 150 ulioidhinishwa Mei 2025 ni wake. Nchi nyingi ziko pande zote mbili, na hilo ndilo linalowachanganya watu.

## Kuingia kwenye zabuni

8. Je, kampuni yoyote duniani inaweza kuomba zabuni?

Kwa zabuni zinazolipwa na mifuko ya swali la 4, kampuni inapaswa kuwa ya nchi mwanachama inayoshiriki kuugharimia mradi. Tena haitoshi kuwa na anwani huko. Serikali ya nchi hiyo ndiyo inayoitambulisha kampuni kwa mnunuzi kwa tamko rasmi la kustahili, likithibitisha kwamba kampuni ina uwezo wa kifedha, kiufundi na kiusalama.

Msomaji aliyezoea mfumo wa NeST wa Tanzania, ambamo mzabuni hujisajili mwenyewe na kuona zabuni zilizo wazi, ataona jambo hili kuwa geni. Katika NATO mlango wa kwanza wa kampuni ni wizara ya nchi yake au ujumbe wa nchi hiyo mjini Brussels. Kampuni yenye bidhaa nzuri lakini isiyojulikana na wizara yake hubaki nje hata kama tangazo imelisoma.

Kampuni ya nchi isiyo mwanachama huingia kwa njia tatu: kuwa mkandarasi msaidizi pale masharti yanaporuhusu, kufungua kampuni tanzu katika nchi mwanachama kama walivyofanya Antonov, au kukubaliwa na nchi zinazolipa katika manunuzi ya NSPA.

9. Mchakato wa zabuni ya kimataifa huendaje?

Huanza mbali, kwa kamanda kueleza pengo alilonalo. Mahitaji hupitiwa, hukadiriwa gharama, kisha hupelekwa kwenye kamati ambamo nchi zote zina mwakilishi. Uamuzi hutolewa kwa maafikiano, si kwa kura; mara nyingi waraka husambazwa na kuwekewa siku, na siku hiyo ikipita bila pingamizi unahesabiwa umekubaliwa. Nchi moja ikipinga, mambo husimama.

Fedha zikishaidhinishwa, mnunuzi hutangaza nia ya kuitisha zabuni kwa wajumbe wa nchi zote. Hapo ndipo serikali hutuma majina ya kampuni zake. Kisha hutolewa mwaliko wenyewe, pamoja na maelezo ya kazi, rasimu ya mkataba na majedwali ya bei. Zabuni hurudishwa katika mafungu yaliyotenganishwa: nyaraka za kiutawala, bei, na pendekezo la kiufundi. Bei haitakiwi kuonekana popote ndani ya pendekezo la kiufundi, na fungu la kiutawala, lenye vyeti ambavyo kila mtu huona ni vya kujaza tu, huangusha kampuni kubwa kwa sababu ya saini moja iliyosahaulika.

Lugha rasmi za jumuiya ni Kiingereza na Kifaransa, ingawa zabuni za kiufundi kwa kawaida huandikwa kwa Kiingereza.

10. Anayeshinda ni mwenye bei ndogo au mwenye kazi bora?

Kwa miaka mingi utaratibu wa kawaida umekuwa kumpa mwenye bei ya chini kabisa miongoni mwa waliotimiza masharti yote ya kiufundi. Utaratibu huo ni rahisi kuutetea mbele ya nchi 32, kwa kuwa namba haina upendeleo. Kasoro yake ni kwamba anayetoa kilicho bora kuliko kilichoombwa hapati alama yoyote ya ziada, na katika programu za kompyuta hilo ni tatizo kubwa. Kwa hiyo miradi mingi migumu sasa hupimwa kwa thamani bora, yaani alama za ufundi na za bei huunganishwa kwa uwiano uliotangazwa mapema. Soma uwiano huo kabla ya kuandika neno la kwanza la pendekezo lako.

11. Msimbo wa NCAGE ni nini, na unalipiwa?

Ni msimbo wa herufi na tarakimu tano unaoitambulisha kampuni katika mfumo wa NATO wa kuorodhesha vifaa. Haulipiwi. Kampuni ya nchi yoyote inaweza kuupata, na baadhi ya wafanyabiashara wa Afrika Mashariki wanao bila kuwa na habari na NATO, kwa sababu kampuni ya kigeni inayojisajili kuiuzia serikali ya Marekani, pamoja na balozi zake, hutakiwa kuwa nao.

Usichanganye msimbo huo na namba ya kifaa chenyewe, yenye tarakimu 13. Nne za kwanza hutaja aina ya kifaa, mbili zinazofuata hutaja nchi iliyokiorodhesha, na saba za mwisho ni za kifaa hicho peke yake. Ukiokota boliti ya kijeshi ukaona 99 katika nafasi ya tano na ya sita, imeorodheshwa Uingereza. 12 ni Ujerumani na 14 ni Ufaransa. Kwa utaratibu huo fundi wa Kinorwe huweza kugundua kwamba kipuri anachokihitaji kimejaa kwenye ghala la Wahispania.

Kuwa na NCAGE hakumaanishi kwamba umeidhinishwa kuomba zabuni. Rudi kwenye swali la 8.

12. Kampuni ndogo ina nafasi?

Inayo, lakini mara chache kwa mlango wa mbele. Zabuni kubwa zinadai mtaji, dhamana na timu ya watu wa kuandika nyaraka tu. Kampuni ndogo hufanikiwa zaidi ikijiunga na mkandarasi mkuu kabla mwaliko haujatoka, au ikiwa na mkataba wa msingi na NCIA, ambao huweka masharti yote ya jumla mapema ili maagizo madogo yafanywe kwa haraka. Njia ya tatu ni DIANA, inayoelezwa katika swali la 15.

13. Kibali cha usalama kinahitajika lini, na kodi je?

Kazi inapogusa taarifa za daraja la NATO CONFIDENTIAL na kuendelea, jengo la kampuni na wafanyakazi husika lazima wawe na kibali. Anayekitoa ni mamlaka ya usalama ya nchi ya kampuni. NATO haikitoi, na hakuna wakala wa mtaani anayeweza kukuharakishia.

Kuhusu kodi, mkataba uliosainiwa Ottawa mwaka 1951 uliipa jumuiya msamaha. Bei za zabuni huandikwa bila kodi na ushuru, na kampuni inayozijumlisha kwa mazoea hujipandishia bei yenyewe.

## Teknolojia mpya

14. Kwa nini ununuzi huchukua miaka, ilhali teknolojia hubadilika kila mwezi?

Sehemu ya sababu iko katika swali la 9: maafikiano ya nchi 32 yana gharama yake. Mkataba wa ACCS, mfumo wa kuongoza shughuli za angani, ulisainiwa mwaka 1999, na zaidi ya miaka ishirini baadaye vituo vingi vilivyokusudiwa vilikuwa bado vinatumia mifumo yao ya zamani. Mahitaji yaliandikwa kwa ukamilifu mwanzoni, yakazeeka wakati mkandarasi angali anayatekeleza.

Linganisha na mwaka 2025. Tarehe 25 Machi NCIA ilikamilisha ununuzi wa mfumo wa akili mnemba wa Maven kutoka kampuni ya Palantir kwa ajili ya kamandi ya operesheni, na wakala huo ukatangaza kwamba tangu mahitaji yalipoainishwa ilichukua miezi sita tu. Siri ya kasi hiyo si kubwa: kilichonunuliwa kilikuwa tayari kinatumiwa na jeshi la Marekani. Kwa maoni yangu, hilo linaonyesha kwamba NATO hununua upesi inaponunua kilichokwisha kuwepo, na gharama ya upesi huo ni kumtegemea muuzaji mmoja kutoka nchi moja. Katika mkutano wa The Hague wa Juni 2025 viongozi waliidhinisha mpango wa kuharakisha, unaolenga teknolojia mpya iingizwe kazini ndani ya miezi isiyozidi 24.

15. DIANA ni nini?

Ni mpango wa kulea kampuni changa, wenye makao yake London na ofisi Tallinn na Halifax. DIANA hutangaza tatizo, kwa mfano mawasiliano yanayoingiliwa na adui, na kampuni huomba kwa waraka mfupi. Katika awamu ya kwanza ya mwaka 2023 ziliomba zaidi ya kampuni 1,300 na zikachaguliwa 44, kila moja ikipewa euro 100,000, na zilizofaulu kuendelea ziliweza kupata hadi euro 300,000 zaidi. Hiyo ni ruzuku ya kukuza wazo. Wengi humaliza mpango na kugundua kwamba bado hawajampata mnunuzi.

16. Nchi ikijitoa mradi ukiwa katikati, hutokea nini?

Tuna mfano wa karibuni. NATO ina ndege za uangalizi za E-3A zenye rada ya mviringo mgongoni, zinazokaa Geilenkirchen, Ujerumani, na kubeba usajili wa Luxembourg. Novemba 2023 kundi la nchi lilichagua kununua ndege sita za E-7 ili kuzirithi. Julai 2025 Marekani ikajitoa, na Novemba mwaka huohuo Uholanzi ikatangaza kwamba washirika waliobaki wameuacha mpango, kwa kuwa msingi wake wa kifedha na kimkakati umeondoka. Ndege za zamani zinaendelea kuruka huku mbadala ukitafutwa upya.

## Migogoro na usafi wa zabuni

17. Kampuni ikidhulumiwa inaweza kuishtaki NATO mahakamani?

Ni vigumu sana. Kesi inayosomwa na wanasheria ni ya Supreme, kampuni iliyopeleka mafuta kwa operesheni ya Afghanistan, ambayo mwaka 2015 ilikwenda mahakama ya Limburg, Uholanzi, kudai malipo kutoka makao makuu ya kijeshi ya SHAPE. Shauri lilipanda hadi Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, iliyotoa hukumu Septemba 2020 kuhusu suala la mamlaka ya mahakama. Desemba 2021 Mahakama Kuu ya Juu ya Uholanzi ikahitimisha kwamba SHAPE ina kinga. Kwa hiyo kifungu cha usuluhishi ndani ya mkataba kisomwe kwa makini, na malalamiko ya zabuni yapitie kwa ujumbe wa nchi yako mapema, kabla mkataba haujasainiwa na mshindani.

18. Rushwa je?

Mei 2025 waendesha mashtaka wa Ubelgiji walitangaza uchunguzi kuhusu wafanyakazi wa sasa na wa zamani wa NSPA, wakishuku kwamba taarifa zilivujishwa kwa kampuni za ulinzi zilizotaka mikataba ya vitu kama risasi na droni. Watu walikamatwa katika zaidi ya nchi moja. Kutuhumiwa si kuhukumiwa, lakini tukio hilo linaonyesha wapi penye hatari: mtu anayestaafu Ijumaa na kuwa mshauri wa mzabuni Jumatatu. NATO ina bodi yake ya kimataifa ya wakaguzi wa hesabu.

## Maswali ya wasomaji wa Kiswahili

19. Kenya ni mshirika mkuu wa Marekani asiye mwanachama wa NATO. Kampuni za Kenya zinaweza kuomba zabuni?

Hadhi hiyo, iliyotolewa Juni 2024, ni ya sheria ya Marekani. Inaifungulia Kenya milango fulani ya ushirikiano wa kijeshi na Washington, na haibadilishi lolote katika swali la 8. Jina la NATO limo ndani ya hadhi hiyo, ila NATO yenyewe haimo.

20. NATO iliwahi kugharimia huduma kwa ajili ya majeshi ya Afrika Mashariki?

Kwa ombi la Umoja wa Afrika, ilisaidia kupeleka kwa ndege askari wa Burundi hadi Mogadishu mwaka 2008, na wa Uganda mwaka 2010. Anayerudi kwenye swali la 1 atauliza nani alilipa: ndege zilizobeba askari wa Uganda ziliendeshwa na kampuni binafsi iliyopewa mkataba na Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, kwa niaba ya NATO.

21. Nimetumiwa barua pepe ya "tenda ya NATO" inayotaka ada ya usajili. Ni ya kweli?

Usilipe. Mfanyabiashara mmoja alinionyesha barua ya namna hiyo: nembo safi, oda ya kompyuta mpakato mia tatu, na sharti la kutuma ada ndani ya saa 48 ili "kufungua faili". Hakukuwa na tamko la serikali yoyote, hakukuwa na maelezo ya kazi, na anwani ilikuwa ya barua pepe ya bure. Aliyefika hapa baada ya kusoma maswali ya 8, 9 na 11 ataona makosa yote kwa mtazamo mmoja.

22. Mimi binafsi ni mtaalamu wa kompyuta niliyezaliwa Mombasa na sasa ni raia wa Kanada. Naweza kufanya kazi huko?

Kinachoangaliwa ni uraia wa nchi mwanachama, si mahali pa kuzaliwa, kwa hiyo unaweza kuomba ajira kwenye wakala au kuingia kupitia kampuni yenye mkataba. Kibali chako cha usalama kitatolewa na Kanada, na wachunguzi wake watauliza kuhusu nchi ulizoishi na ndugu walio nje. Andaa anwani na tarehe hizo mapema, maana uchunguzi huweza kuchukua miezi, na kazi nyingi hazianzi kabla karatasi hiyo haijatoka.